Msafara mkubwa Chalbi: ukiona hivi, shida iko hapa

Mara nne sasa nimepanga msafara wa kukata jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, ya kwanza tulikuwa magari 4, ya mwisho magari 17 na watu 52. Ile ya magari 4 tulikwama mara sita na tukarudi Nairobi tukicheka. Ile ya 17 tulikwama mara mbili tu, na tulipofika Maralal kuna watu walikuwa hawasalimiani. Chumvi ni ile ile, mchanga ni ule ule, mawe ni yale yale. Kwa hivo siwezi kuanza na stori za winchi ya kuvutia gari na difu loki ya kufanya tairi zizunguke pamoja kama kila mtu, nitaanza na dalili, vile shida inajionyesha ukiwa huko, alafu tutafute imetoka wapi, na utaona mara nyingi haijatoka kwa gari.

Njia yenyewe: Nairobi, Isiolo mpaka Marsabit ni lami tupu siku hizi. Ukishapita Marsabit unaiacha lami unashuka Maikona, Kalacha, unakata Chalbi hadi North Horr, unateremka Loiyangalani kwa Ziwa Turkana, unarudia South Horr, Baragoi, Maralal. Kutoka Marsabit hadi Maralal weka kama kilomita 500 ambazo hupangi kukuta petroli stesheni ya maana, na siku 5 kama ni kundi kubwa.

Grupu ya WhatsApp ina watu 60 na wiki mbili kabla ya safari hujui ni magari mangapi

Hujaitisha pesa, basi. Mtu kuandika "niko ndani" na kuweka kidole juu haimgharimu kitu. Itisha dipoziti isiyorudishwa mwezi mzima kabla, pamoja na majibu ya maswali machache: gari gani, tairi za umri gani, nani dereva wa pili, nani ana presha au sukari au pumu na anatumia dawa gani. Asiyejibu hayuko. Utashangaa 60 wanavyokuwa 20 ndani ya siku tatu.

Hapo ndo utapigiwa simu na yule mwenye kigari cha mjini, ati kiko juu kidogo na kina 4x4. Muulize kina gia ya low, ile ya nguvu nyingi mwendo wa polepole? Kama hana jibu, aje kama abiria. Mimi nilimkubalia mmoja kwa sababu ni shemeji, na huyo shemeji ndo tulimvuta kamba kilomita 40.

Saa nne asubuhi na bado hamjatoka kambini

Mlipanga kutoka saa kumi na mbili na nusu. Ukichunguza utakuta sufuria ya chai ni moja, foleni ya watu 52, mmoja anatafuta chaja, mwingine hema lake limekataa kuingia kwa mfuko, na kila aliyemaliza anazunguka kusaidia wenzake, yaani kuwachelewesha.

Kuna hesabu moja ilinifungua macho. Kabla ya kuingia kwa ardhi laini tunatoa upepo kwa tairi, kutoka psi 35 tunashuka hadi 18 au 20, hio ni kazi ya dakika chache. Shida ni kurudisha. Kapampu kadogo ka kuchomeka kwa betri kanachukua dakika 20 kwa gari moja, na sisi tulikuwa na kapampu kamoja kanakofanya kazi. Magari 17 mara dakika 20 ni dakika 340, saa tano na nusu na ushee. Tulifika mwisho wa Chalbi saa saba mchana na jua lilituchwea palepale pembeni, gari la mwisho tumelipampu kwa tochi.

Dawa ni kukubali kwamba magari 17 sio msafara mmoja, ni misafara minne inayolala mahali pamoja. Gawanya vikosi vya magari manne au matano. Kila kikosi kiwe na kiongozi wake, jiko lake, pampu yake, sanduku lake la dawa, mtu mmoja anayejua kushika spana, na kitoke asubuhi kikiwa tayari, kingine kifuate baada ya dakika 20. Nilikuwa napinga hii kitu sana manake niliona kama inatenganisha marafiki. Sasa siendi bila.

Gari ya nyuma haionekani

Ulimwona mara ya mwisho kwa njia panda baada ya Maikona. Pale barabara moja inaenda Kalacha, nyingine inapanda kuelekea Hurri Hills, na zote zinafanana, nyayo mbili za tairi kwenye vumbi. Magari matatu yetu yalishika ya juu, redio za mkononi hazikufika, simu hakuna netiweki, na tulijua saa moja na nusu baadaye manake kila mtu alidhani wako kwa vumbi nyuma.

Sababu ni kwamba kila dereva alikuwa anamfuata wa mbele. Geuza: kila dereva ana jukumu la gari iliyo nyuma yake. Ukifika njia panda au popote unapokata kona unasimama, husogei mpaka wa nyuma akuone na akuwashie taa. Kama haji, unabaki, na wa mbele yako akikosa kukuona kwa kioo naye anasimama, hivo hivo mpaka kiongozi asimame. Haihitaji redio wala setilaiti. Inahitaji tu kila mtu aelezwe asubuhi kabla ya injini kuwaka, tena aelezwe na kesho yake, juu watu husahau.

Na taa ziwe on mchana kutwa. Chalbi kuna mazigazi ya ajabu, unaona gari ya mwenzako inaelea juu ya maji, alafu inakuwa mbili, alafu haipo, na yuko mita mia nane tu.

Gari inazama mahali wenzake watano wamepita

Hii ndo shida ya kundi kubwa yenyewe, wenye magari mawili hawaijui. Chalbi zamani ilikuwa ziwa. Juu ni ganda la chumvi, jeupe, kavu, ukilikanyaga na kiatu linasema kriki kama biskuti. Chini yake mahali pengine ni tope jeusi linalonata kama ugali uliotolewa kabla haujaiva. Gari ya kwanza inapita, ya pili inapita, kila moja inapasua ganda kidogo, ya sita inaingia mpaka kwa eksele na dereva anaulizwa "wewe hujui kuendesha?" wakati kosa ni la foleni.

Sisi tulifanya kosa zaidi, tulikuwa na kilori cha kubeba maji na kuni na kilikuwa cha tatu kwenye mstari. Kilipita, lakini kilivunja kila kitu, gari ya nne ikazama na ya tano ikazama nayo. Siku hizi kizito kinapita mwisho kabisa, na gari moja yenye winchi inamsubiri ng'ambo kwenye ardhi ngumu. Na mbele ya kila mtu anakuwa mwenyeji. Safari hio ya nne tulichukua mzee mmoja pale Kalacha, Mgabra, alikaa kiti cha mbele na fimbo yake katikati ya magoti, kila baada ya muda anasema "simama", anashuka, anachoma fimbo chini, anaangalia ncha. Mara moja mimi naona peupe pazuri kabisa namwambia, "Mzee, si tukate hapa?" akacheka kidogo, "Kijana wangu, hapo ngamia wenyewe hawapiti." Kabla ya kumchukua yeye tulikuwa tumeshakwama mara mbili. Baada yake, sufuri.

Ukishazama: toa mguu kwa mafuta saa hio hio. Kila sekunde tairi inazunguka bure inachimba kaburi. Shusheni watu wote na mizigo, chimbeni mbele ya tairi na chini ya tumbo la gari, shusha upepo hadi psi 15, chini ya hapo tairi inaweza kuvuka rimu, weka mabati au mbao, alafu ndo umvute. Kamba ifungwe kwa ndoano iliyoshikwa na chesi, usifunge kamwe kwa kile kichuma cha mviringo cha kuvutia trela, kikikatika kinaruka kama risasi na kimeshaua watu sehemu nyingi duniani. Tupa blanketi juu ya kamba katikati. Na wale watu 40 waliokuja kutazama na simu zao waende mbali, mara moja na nusu ya urefu wa kamba, hata kama wanataka video. Anayeongea na dereva ni mmoja. Wengine wakitoa maoni, wape sepetu.

Maji yapo mengi lakini hakuna ya kunywa

Inachekesha mpaka ikupate. Mimi napiga lita 8 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika, kujipangusa. Watu 52 kwa siku 5 ni lita 2,080, yaani tani mbili na zaidi, kwa hivo akili ya haraka inasema weka yote kwa lori. Sasa lori likiwa kilomita 12 nyuma limekwama, watu 52 wako kwa jua la jangwani na chupa za nusu lita. Kila gari ibebe ya kwake: watu watatu ni lita 120, mitungi sita ya lita 20, imefungwa vizuri isigongane. Lori libebe ya akiba peke yake.

Na usipange safari ukitegemea visima vya watu. Kalacha kuna chemchemi, lakini ndo inanywesha mifugo na watu wa pale, na kuna utaratibu wa nani ananywesha lini, hupati tu kutokea na mitungi 80. Kama lazima mchote, kiongozi mmoja aende bila gari, asalimie wazee, aulize, angoje zamu. Ukiona watu wamenuna pale kisimani na watoto wameacha kuwapungia mikono, jua kuna mwenzenu ameosha gari au amepaisha droni juu ya ngamia. Kwetu ilikuwa droni. Iliwatawanya ngamia, tukaomba msamaha na tukakaa kwenye jua na wazee karibu saa mbili, na nadhani walituvumilia sana.

Mshale wa joto unapanda na redieta iko sawa

Umeangalia maji yamejaa, feni inazunguka, mkanda uko imara. Sasa shuka gari uangalie vumbi lako linaenda wapi. Upande huu upepo mkali unatoka kusini mashariki, ndo huo huo unazungusha ile mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani. Ukitoka Marsabit kwenda North Horr unauwekea mgongo. Unaenda kilomita 20 kwa saa kwa gia nzito, upepo unakuja na kasi hio hio kutoka nyuma, kwa hivo kwa redieta hakuna hewa inayoingia, ni kama unapika.

Geuza pua ya gari iangalie upepo, acha injini iunguruke bila kukanyaga mafuta, washa hita ya ndani hata kama mtalia, dakika kumi. Kifuniko cha redieta usikiguse. Kwenye kikosi hii inamaanisha vituo vya kila nusu saa, na viongozi wapangie hivo mapema kuliko kila gari isimame kivyake.

Pancha nne kwa siku moja

Mlitoka kwa mchanga mkaingia kwa mawe na upepo wa psi 18 bado uko kwa tairi, manake watu walikuwa wanaona foleni ya pampu ni ndefu wakasema "tutajaza mbele". Mawe ya huku ni ya volkano, meusi, na yana makali. Tairi laini inajikunja, jiwe linakata ubavu, na ubavu haubandikwi. Jaza kabla ya jiwe la kwanza. Spea mbili kwa kila gari, na kwenye kikosi magari yanayofanana saizi ya tairi yakae pamoja, hio peke yake ilituokoa mara mbili.

Gari inakohoa baada ya kuongeza mafuta

Mafuta ya pipa. Huko miji midogo unauziwa kwa jerikeni, na pipa limekaa sana, lina kutu na pengine maji kidogo. Chuja na kitambaa safi, beba kichujio cha akiba, acha jerikeni itulie na usimimine ile ya chini kabisa. Bora zaidi usinunue. Landkruza yangu ya dizeli kwa lami inaenda kilomita 8 kwa lita, huku inashuka hadi 5, kwa hivo kilomita 500 ni lita 100 na mimi nabeba 130. Kila dereva afanye hesabu yake ya kilomita 5 kwa lita, sio ile ya lami ya Thika Road.

Gari imezima ghafla, hata taa hakuna

Barabara yenye mawimbi kama bati imelegeza taminali ya betri. Kaza. Ndo hio tu, tisa kwa kumi.

Mtu mmoja amenyamaza

Ukiona yule mwenye kelele za kikosi ameegemea dirisha, anasema kichwa kinamuuma, na ukimuuliza mara ya mwisho amekojoa lini anafikiria, simamisha kikosi. Kivuli, vua viatu, mwagie maji kichwani na shingoni, mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwa maji, kidogo kidogo. Akianza kuongea mambo hayaeleweki au anaanguka, hio sio uchovu tena, ni dharura, endelea kumpoza huku unatafuta njia ya kumtoa. Kalacha, North Horr na Loiyangalani kuna viwanja vidogo vya ndege, na AMREF Flying Doctors, wale wa ndege za kubeba wagonjwa, wana mpango wa kulipia kabla ya safari, sasa sisi tunaingiza hio kwa ada ya kila mtu bila kuuliza.

Usiku pia: viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, nge wanapenda. Tochi kila ukitoka kwa hema, nyoka wako.

Mbingu safi kabisa lakini mwenyeji anasema msiende

Msiende. Mvua ikinyesha milimani, Hurri au Marsabit, maji yanateremka na Chalbi inageuka tope kwa siku kadhaa hata kama kwako hakujaanguka tone. Ndo maana usipange Aprili wala Novemba, na usilale ndani ya laga, yaani mto uliokauka, hata kama ndo penye kivuli na mchanga laini.

Watu hawasalimiani

Sasa turudi kwa hii. Siku ya nne, kwa yale mawe kabla ya South Horr, gari moja ilivunja shokomzoba na ikapasua kitu kingine chini. Magari 17 yalisimama. Yalisimama saa sita. Wenye watoto walitaka kwenda mbele, marafiki wa mwenye gari walisema huo ni usaliti, mafundi walikuwa wanne na kila mmoja na dawa yake, na jioni ilipoamuliwa ivutwe mpaka Maralal ipandishwe lori ikatokea swali la nani analipa lori. Mwenye gari alisema ni gharama ya msafara. Wengine walisema gari ni yako. Mimi niliyepanga nilikuwa na jibu kichwani ila sikuwahi kumwambia mtu kabla, kwa hivo halikuwa na maana, ilionekana nimelitunga palepale kumkandamiza mtu.

Ukiona manung'uniko ya namna hii, usitafute mwenye hasira mbaya. Makubaliano hayakuwepo. Sasa yanaandikwa kabla ya dipoziti, na kila dereva anajibu "nimekubali" kwa grupu: gari ikiharibika kikosi chake ndo kinabaki, vingine vinaenda kambini. Fundi wa kikosi ana saa mbili. Zikiisha gari inavutwa au inaachwa na mlinzi, abiria wanagawanywa. Gharama ya kuitoa ni ya mwenyewe, mafuta ya aliyemvuta ni ya msafara. Kuhusu njia au usalama, hasa upande wa Baragoi ambapo lazima mpite polisi kuuliza hali ya siku hio, anayeamua ni mmoja na anajulikana kwa jina tangu Nairobi. Kuna watu wawili waliposoma haya walijitoa kwenye safari kabla ya kulipa chochote, nikawapa shukrani.

Umeshafika nyumbani, baada ya wiki tatu breki zinalia na chini kuna kutu

Ni chumvi ya Chalbi, ile tope ilikauka juu ya chesi na ndani ya rimu. Osha chini ya gari kwa presha siku unayofika, sio gari yote, chini, na umwambie mtu wa kuosha aingize mpira ndani ya chesi mpaka maji yatoke safi. Ya kwangu ilitoa tope dakika 25.